Kabla ya "Mama": Mtoto Mchanga Anavyoanza Kuongea

Hakuna anayekuja kumwona mzazi akauliza kama mtoto anaongea. Wageni huingia na sabuni, sukari na doti ya khanga, wananawa mikono, wanampokea mtoto, kisha maswali yanaanza: kafanana na nani, usiku anawaacha mnalala, kitovu kimeshadondoka? Habari ya kuongea huja baadaye sana, mtoto akishavuka mwaka, na ikija inakuja na lawama ndani yake. Mbona mwenzake wa nyumba ya pili anasema mpaka shikamoo?

Kwa maoni yangu swali hilo linachelewa mno. Mtoto anaanza maongezi akiwa bado shingo haijakaza. Maneno ndiyo yanayokuja mwisho. Kinachotangulia ni zamu: wewe kidogo, mimi kidogo, wewe tena. Hili nimelipata kwa njia mbili. Moja ni kusoma, maana mtoto wangu wa pili alikuwa wa kunyonya usiku kucha, na mama anayenyonyesha saa tisa za usiku atasoma chochote ili asisinzie. Njia ya pili ni mama mkwe wangu, aliyeshuka kutoka Rombo na mkungu wa ndizi za mtori kuja kunihudumia hapa Dar es Salaam, na ambaye utafiti hata mmoja hajausoma.

Mambo yenyewe huanzia tumboni. Sikio la mtoto linaanza kufanya kazi mimba ikiwa na takriban miezi sita, ila anachosikia mle ndani sicho tunachosikia sisi. Maji ya uzazi na mwili wa mama huzuia sauti nyembamba na kuzipitisha zile nzito. Ukikaa nyumba ya kupanga unalijua jambo hili bila kuambiwa: majirani wakizungumza chumba cha pili hupati maneno yao, lakini unajua ni nani anaongea, unajua kama wanagombana au wanabembelezana, na unajua kabisa kama ni Kiswahili au wamehamia kilugha. Mtoto anakaa upande wa pili wa ukuta huo kwa miezi mitatu hivi. S na f na t zinaishia njiani. Kinachomfikia ni kupanda na kushuka kwa sauti, mkazo, mahali mtu anapotua kuvuta pumzi. Na sauti inayomfikia kuliko zote ni ya mama, kwa sababu hiyo inapita hewani na kupita mwilini pia.

Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, walichapisha jaribio ambalo mpaka leo nikilisoma nacheka peke yangu. Waliwawekea watoto wa chini ya siku tatu spika ndogo masikioni, wakawapa chuchu ya mpira isiyotoa maziwa, iliyounganishwa na mashine ya kanda. Mtoto akinyonya kwa mwendo fulani anasikia sauti ya mama yake akisoma hadithi. Akinyonya kwa mwendo mwingine, anasikia mama wa mwenzake. Watoto wale wakabadilisha mwendo wao wa kunyonya ili wampate mama. Mtu ambaye hata kugeuka kitandani hawezi, ameshajua kuchagua stesheni.

Miaka sita baadaye DeCasper akarudi, safari hii na Melanie Spence. Wakawaomba wajawazito wasome hadithi moja ya watoto kwa sauti kila siku, katika wiki 6 za mwisho za mimba. Watoto walipozaliwa walitaka kusikia hadithi ileile kuliko nyingine, hata ikisomwa na mwanamke wasiyemjua. Kwa hiyo walichokuja nacho duniani hakikuwa sauti ya mama peke yake, ulikuwa pia mwendo wa maneno yake.

Nilipomsomea mume wangu haya aliuliza, na baba je? Ikabidi nimwambie ukweli. DeCasper huyohuyo alipima na sauti za baba mwaka 1984, akakuta mtoto mchanga hambagui baba yake na mwanaume mwingine yeyote kwa kumpendelea. Mume wangu hakufurahi. Lakini hilo linarekebishika kwa kukaa na mtoto, na yeye alikaa naye.

Kwetu Tanga mtoto wa Kiislamu akizaliwa huadhiniwa sikio la kulia, mara nyingi kabla hata hajapewa ziwa. Nilipokuwa binti niliona ni ibada tu inayopita juu ya kichwa cha mtoto asiyejua kitu. Siku hizi naiona kwa jicho jingine: mwenye sikio lile alikuwa anasikiliza.

Kulia nako si kelele tupu. Mwaka 2009 Kathleen Wermke wa Würzburg, Ujerumani, na wenzake walirekodi vilio vya wachanga 60, nusu wa Kifaransa na nusu wa Kijerumani, wote wa siku chache tu. Vilio vya watoto wa Kifaransa vilielekea kupanda mwishoni, vya Kijerumani vikaanza juu na kushuka, na ndivyo lugha za wazazi wao zinavyopanda na kushuka. Hajafundishwa mtu. Kabla yao, mwaka 1988, Jacques Mehler na wenzake kule Paris walikuwa wameonyesha kwamba mtoto wa siku 4 wa nyumba ya Kifaransa anatofautisha Kifaransa na Kirusi, hata sauti ikichujwa mpaka maneno yasisikike. Natamani mtu akae siku moja na vilio vya wodi ya wazazi ya Tanga, ya Kigoma na ya Lamu, atuambie Kiswahili kinalia vipi.

Sasa twende kwenye jambo lililonishangaza kuliko yote, kwa sababu nilikuwa nalifanya mwenyewe kila siku bila kujua.

Mtoto wa binadamu hanyonyi mfululizo. Anavuta mara kadhaa, anatua. Anavuta tena, anatua. Akitua, mama anafanya kitu: anamtikisa kidogo, anamgusa shavu, analisogeza ziwa, anasema "haya baba, endelea." Hakuna mkunga anayefundisha hilo. Kenneth Kaye, mwanasaikolojia wa Marekani, alikaa miaka ya 1970 akihesabu mivuto na mitikisiko hiyo, akakuta mambo mawili. Kwanza, akina mama wanaamini kutikisa ndiko kunakomrudisha mtoto kunyonya, kumbe mtoto hurudi mama anapoacha kutikisa. Pili, siku zinavyokwenda mama anafupisha mtikiso wake bila kujijua. Anatikisa, anaacha, anangoja. Mtoto anajibu kwa kunyonya. Kaye hakuona faida nyingine ya maana katika kutua huko isipokuwa kumpa mama nafasi ya kuingia.

Nilipolisoma hilo nilimweka mtoto ziwani makusudi nimwangalie. Alivuta, koo likisikika likimeza, mkono mmoja umeshika ukosi wa dera langu. Akatua. Macho yamefumba nusu, tone la maziwa pembeni ya mdomo, kidevu kimesimama. Nikamtikisa kidogo, hakufanya kitu. Nikaendelea kumtikisa, hakufanya kitu vilevile, ila nyusi zilikunjana kama mtu anayekatizwa maneno. Nikaacha. Kidevu kikaanza tena.

Na umbali ule wa kutoka ziwani hadi usoni kwa mama ni sentimita 20 hadi 30, na ndio umbali ambao macho ya mchanga yanaona vizuri. Zaidi ya hapo kwake ni ukungu. Kwa hiyo wageni wanaosimama mlangoni wakimpungia mkono wanajisumbua.

Mtoto alipokaribia miezi miwili mama mkwe aliongeza shughuli. Asubuhi, akishamwogesha na kumpaka mafuta, alikuwa anakaa kwenye mkeka barazani, miguu kainyoosha, mtoto kamlaza juu ya mapaja yake, kichwa kikielekea magotini, wanatazamana. Kisha anamsalimia kwa Kichaga, akimaliza anahamia Kiswahili ili na mimi nisikie.

"Ehee, mume wangu. Umeamkaje?"

Halafu ananyamaza. Nilikuwa nakaa pembeni nikikunja nepi, na ule ukimya ulikuwa unanitesa, nikitaka kuujaza na "jamani mtoto mzuri wa mama." Yeye wala. Anamtazama tu, kichwa kakiinamisha upande. Mtoto anaanza kuhangaika: miguu inapiga, mdomo unafunguka na kufumba bila sauti, ulimi unachungulia, paji la uso linakunjana. Inachukua muda. Mwishowe inatoka: "Aguuu."

"Ee! Kumbe! Halafu wakasemaje?"

Ukimya tena. Miguu tena. "Agu."

"Usinitanie! Na wewe ukawajibu nini?"

Mary Catherine Bateson aliyaandika maongezi ya namna hii mwaka 1975, ya mama na mtoto wa miezi miwili mitatu, akaona kwamba wanapokezana kama watu wazima wanaopiga soga, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi. Colwyn Trevarthen wa Edinburgh akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kuyatazama kwenye filamu, fremu kwa fremu. Kwa nilichokiona barazani, kazi yote iko kwenye kungoja. Mtoto anahitaji muda mrefu kuitafuta sauti yake kuliko muda ambao mtu mzima yuko tayari kukaa kimya. Tunamdandia. Tunauliza swali, tunalijibu wenyewe, tunacheka wenyewe, na mwenye zamu bado anakunja paji la uso.

Ile sauti tunayotumia, ya juu, iliyovutwa, yenye mabonde na milima, ambayo wanaume wengine wanaona aibu kuitumia mbele za watu, ina kazi yake. Mwaka 1985 Anne Fernald alionyesha kwamba watoto wa miezi 4 wanaipendelea kuliko sauti ya kawaida ya watu wazima. Ukikumbuka walichokuwa wakisikia tumboni, inaeleweka: tunawarudishia kile walichokuja wanakijua, tena kwa herufi kubwa. Baba wa mtoto asione haya.

Hapa lakini inabidi nigombane kidogo na mtandao. Kuna ushauri unaozunguka kwenye makundi ya akina mama kwamba usipomsemesha mtoto kutwa nzima utamharibia akili: msimulie unapokata kitunguu, msimulie unapofua, msimulie unapopanda daladala. Mzizi wake mmoja ni utafiti wa Betty Hart na Todd Risley wa mwaka 1995, waliofuatilia familia 42 huko Kansas, Marekani, wakahesabu maneno na kutoa hesabu maarufu ya pengo la maneno milioni 30 kati ya watoto wa matajiri na wa maskini. Familia 42 za mji mmoja. Hesabu hiyo imepingwa sana na wataalamu wenzao, lakini huku kwetu inafika bila mabishano yake, inafika kama amri.

Tukitazama kwingine mambo yanakuwa tofauti kabisa. Robert LeVine na wenzake walifanya kazi Kisii, Kenya, miaka ya 1950 na tena ya 1970, wakawalinganisha akina mama wa huko na wa Boston. Mama wa Kisii alimjibu mtoto anayelia upesi sana, kwa kumbeba na kumnyonyesha. Kumsemesha na kumkazia macho kama mama wa Boston, hapana. Mama wa Boston alikuwa na maneno mengi na mikono michache. Katika vijiji vya Watsimane wa Bolivia, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na Alejandrina Cristia na wenzake ulikuta watoto wadogo wakisemeshwa moja kwa moja kwa chini ya dakika 1 kwa saa. Kwa Wamaya wa Tseltal kule Mexico, Marisa Casillas alikuta chini ya dakika 4 kwa saa, na watoto wale walifikia hatua zao za kubwabwaja na neno la kwanza katika umri uleule unaotarajiwa. Watu wa Kisii wanaongea Ekegusii yao hadi leo, tena kwa kasi, kwa hiyo na wale wachanga wa LeVine walijifunza.

Simaanishi kwamba tusiwasemeshe. Nasema mtoto wa mgongoni, kwenye mbeleko, aliyelaza shavu kwenye uti wa mgongo wa mama anayebishana bei ya nyanya Kariakoo, hajaachwa nje ya lugha. Yumo katikati yake. Na nyumba yenye shangazi, dada wa kazi, mjomba anayesubiri ajira na watoto wa jirani ina watu wengi wa kumjibu akianzisha jambo. Mama mmoja aliyefungiwa kwenye chumba na kuta nne ndiye anayehitaji kuambiwa asimulie vitunguu, maana hana msaidizi. Huyo namwonea huruma, tena siku hizi mjini ni wengi.

Kinachomdhuru mtoto ni kutojibiwa. Edward Tronick alianza miaka ya 1970 kufanya jaribio ambalo ukiliona kwenye video utataka kuizima. Mama anacheza na mtoto wake wa miezi michache, wanachekeana. Kisha anaambiwa aukaushe uso, amtazame tu, asijibu kitu kwa dakika mbili hivi. Mtoto anatabasamu kumkumbusha. Anapiga kelele. Ananyoosha mikono. Anageuza uso pembeni, anarudi kuchungulia kama mama amerudi, anageuka tena, mwisho analia. Mtoto anajua kabisa kwamba zamu ilikuwa ya mama na mama hakuichukua. Nilipoliona nilikuwa na simu mkononi, bila shaka. Uso wa mtu anayesoma ujumbe wa WhatsApp ni uso huohuo wa jaribio, ila hakuna wa kumwambia dakika mbili zimekwisha.

Na skrini yenyewe kumfundisha mtoto haiwezi. Patricia Kuhl wa Seattle alichapisha mwaka 2003 kazi ya watoto wa Kimarekani wa miezi 9, waliosikia Kichina cha Mandarin katika vipindi 12. Kundi moja lilicheza na kusomewa na mtu, akiwa amekaa nao sakafuni. Kundi jingine lilimwona mtu yuleyule kwenye televisheni, na jingine likasikia sauti tu. Waliokaa na mtu walizishika sauti za Kichina. Wa televisheni na wa sauti walikuwa sawa na wasiosikia kitu. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wa mwaka 2019, halipendekezi skrini kabisa kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Mume wangu alikuwa ameshapakua katuni za Kiingereza.

Hilo linanileta kwenye ugomvi wa nyumba yetu, ambao najua si wetu peke yetu. Bibi anaongea Kichaga. Mimi naongea Kiswahili, na Kidigo kidogo nikiongea na mama kwenye simu. Baba mtu anaweka akiba ya Kiingereza cha shule. Jirani, mama wa heshima na mwenye nia njema, akaniambia nimkataze mama mkwe Kichaga, mtoto atachanganyikiwa, atachelewa kusema.

Nilimshukuru, sikumkataza mtu. Mtoto wangu alikuwa anakijua Kichaga na Kiswahili kabla hajazaliwa, kwa sababu mama mkwe alikuja ikiwa imebaki miezi miwili nijifungue. Krista Byers-Heinlein, Tracey Burns na Janet Werker waliwapima mwaka 2010 wachanga wa Vancouver ambao mama zao walizungumza Kitagalog na Kiingereza wakati wa ujauzito. Watoto wale walizipenda lugha zote mbili, na bado waliweza kuzitofautisha. Kuchanganyikiwa kunatoka wapi? Werker huyohuyo na Richard Tees walikuwa wameshaonyesha mwaka 1984 jambo la kusikitisha kidogo: mtoto wa nyumba ya Kiingereza wa miezi 6 hadi 8 anasikia tofauti za sauti za Kihindi ambazo wazazi wake hawazisikii, lakini akikaribia mwaka uwezo huo unafifia. Sikio linajifunga taratibu kufuata watu wa nyumbani. Sasa mimi nimfukuze bibi yake kwenye sikio hilo wakati bado liko wazi? Kiingereza kitamkuta shuleni, kina ada yake na walimu wake. Kichaga cha bibi hakina shule.

Wakati tunabishana, mwenyewe alikuwa anafanya hesabu. Kiswahili kikizungumzwa hakina nafasi kati ya neno na neno. "Mtotoanalalasasa" ndivyo kinavyomfikia. Jenny Saffran, Richard Aslin na Elissa Newport waliwasikilizisha watoto wa miezi 8 mlolongo wa silabi zisizo na maana kwa dakika 2 tu, bila kituo popote. Zilipokwisha, watoto walikuwa wameshajua silabi zipi hufuatana mara kwa mara na zipi zimekutana kwa bahati. Hiyo ilikuwa mwaka 1996. Nadhani Kiswahili kinamsaidia mtoto kwa mkazo wake, unaokaa karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama mtu anayekuonyesha neno linakaribia kuisha.

Na anaelewa kabla ya kusema, kwa mbali. Elika Bergelson na Daniel Swingley walikuta mwaka 2012 kwamba watoto wa miezi 6 hadi 9 wanaelewa majina ya vyakula na viungo vya mwili, ingawa wazazi wao wengi walidhani hawajui kitu. Watafiti wa Kilifi, Kenya, wakiongozwa na Katherine Alcock, walipotaka kupima lugha ya watoto wadogo wa Kiswahili na Kigiriama, hawakumkalisha mtoto mbele ya mashine. Walitengeneza orodha ya maneno na kukaa na mama, hata asiyejua kusoma, wakamuuliza moja moja: hili analielewa? Hili analisema? Ni swali la wageni wetu, ila limegawanywa mawili, na hapo ndipo lilipotakiwa kugawanywa siku zote.

Jambo moja la kuangalia kwa makini ni kusikia. Si kila hospitali yetu inapima masikio ya mchanga, kwa hiyo mzazi ndiye kipimo cha kwanza. Mtoto asiyeshtuka sufuria likianguka, asiyetulia akisikia sauti yako kabla hajakuona, aliyepata manjano kali baada ya kuzaliwa au homa ya uti wa mgongo, apelekwe mapema, asisubiriwe "ataongea tu, hata baba yake alichelewa." Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya kusaidia kusikia, na mtoto anayewahi ndiye anayefaidi zaidi. Tena asiyesikia hakosi lugha. Laura-Ann Petitto na Paula Marentette waliandika mwaka 1991 kuhusu watoto viziwi wa wazazi wanaotumia lugha ya alama: umri ambao wenzao wanabwabwaja kwa mdomo, wao walibwabwaja kwa vidole. Akili inatafuta pa kutokea. Wanachohitaji ni watu wa kupokezana nao kwa alama, na mapema.

Wa kwetu anabwabwaja kwa mdomo. Alianza na mlio wa midomo, mate yakiruka, kisha siku moja zikatoka silabi: ba-ba-ba, halafu ma-ma, halafu da-da-da bila kukoma. Kila mtu ndani ya nyumba akadai ameitwa. Ndilo tatizo la Kiswahili, ndugu wote majina yao yako kwenye kinywa cha mtoto tayari, baba, mama, dada, kaka, bibi, babu, hakuna anayekosa sababu. Mume wangu akapiga simu hadi Rombo.

Aliyelichukua kwa uzito kuliko wote ni dada wa mtoto, aliye darasa la kwanza. Mtoto akisema "dadadada" akiwa kwenye mkeka, yeye popote alipo, hata uani anaosha vyombo, anaitika kama tulivyomfundisha kuitika mkubwa akikuita: "Abee!" Kisha anakuja mbio, mikono ina povu, anachuchumaa mbele yake. Michael Goldstein na wenzake walipima jambo hili mwaka 2003. Watoto wa miezi minane ambao mama zao walitabasamu na kuwagusa palepale walipobwabwaja, walianza kutoa sauti zinazofanana zaidi na maneno. Wale ambao mama zao walitabasamu kwa wakati usiohusiana na sauti zao hawakubadilika. Binti yangu simwambii lolote juu ya Goldstein. Mtoto anamtazama, anapiga mikono kwenye mkeka, "dada!", na yeye yuko palepale pua kwa pua na bado anaitika, "Abee!", na sufuria limeachwa uani.